Asali Yatoka Kichakani

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya nyuki, na mazungumzo yetu tutayaanzia Kikoneni, kule Kwale, nchi iliyo bara ya Msambweni na isiyo mbali na Mlima Mrima.

Ukipita vijiji vya upande huo utaona mizinga ya kisasa, ile ya masanduku, imetundikwa kwa waya au imesimamishwa juu ya nguzo, nayo imepakwa rangi vizuri. Baadhi ina nyuki. Mingine haina kitu ila mijusi na utando wa buibui. Wenyewe waliipata kwa mradi, au waliinunua kwa fedha za chama cha akina mama, wakafundishwa siku mbili tatu, kisha wakaambiwa wangoje. Wakangoja. Masika yakapita, vuli ikapita. Mmoja akasema mzinga ulitengenezwa vibaya, mwingine akasema nyuki wamefukuzwa na jirani mwenye kijicho, na vijana wakarudi kwenye matanuri yao ya makaa. Hasara hiyo si ndogo kwa mtu ambaye fedha za mzinga ndizo zingekuwa karo ya mtoto.

Twaona kwamba liko swali ambalo halikuulizwa tangu mwanzo: nyuki hao wangekula nini? Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Watu wengi humfuata nyuki anaporudi nyumbani kwake. Leo na tumfuate anapokwenda, na njiani tutazame habari za kale, maana jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Tuanze na jina lenyewe. Neno mzinga ni la zamani sana katika lugha zetu za Kibantu, na maana yake ya kwanza ni gogo lililotobolewa ndani ili nyuki wakae. Mwezi wa Agosti mwaka 1505 Wareno, chini ya Francisco de Almeida, waliushambulia mji wa Mombasa kwa merikebu zao, wakaupora na kuuteketeza kwa moto. Silaha zao kubwa zilikuwa mirija mizito ya chuma, wazi upande mmoja, yenye kutoa ngurumo na mauti. Watu wa Pwani hatimaye walizipa silaha za namna hiyo jina la kitu walichokijua tangu utoto, kitu kirefu cha mviringo chenye tundu na chenye kishindo cha maumivu ndani yake. Wakaziita mizinga. Ndiyo sababu hata leo rais akipigiwa mizinga 21 hakuna atazamiaye asali.

Miaka michache baadaye, karibu mwaka 1516, Mreno mwingine aitwaye Duarte Barbosa aliandika habari za miji ya Pwani. Juu ya Mombasa alieleza kwamba watu wake walikuwa wakipigana mara kwa mara na watu wa bara, na walipopatana nao walifanya biashara, wakapata kutoka bara asali, nta na pembe za ndovu kwa wingi. Bara hiyo ni nchi iliyo nyuma ya kisiwa, na upande wake wa kusini ndio tuuitao Kwale leo. Liangalieni sana jambo hili. Asali na nta zimetajwa kwa pumzi moja na pembe za ndovu. Hazikuwa kitu cha kuonjwa na watoto tu. Zilikuwa mali ya kupakiwa majahazini, maana nta ilitakiwa mbali kwa mishumaa na kwa kazi nyingi za mafundi.

Na kwa kuwa tumetaja mishumaa, kiko kisa kimoja ambacho hatuwezi kukipita. Padre mmoja wa Kireno, João dos Santos, alihudumu Sofala, katika nchi ya Msumbiji ya leo. Katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1609 aliandika kwamba ndege mdogo alikuwa akiingia kanisani mwake na kudonoa nta ya mishumaa. Na ndege wa aina hiyo hiyo huwaita watu mwituni na kuwaongoza mpaka penye nyuki, ili wao wapate asali naye apate masega. Wazungu wengi walimsoma kwa mashaka. Wazee wetu wa Kimijikenda na wa Kikamba hawakuhitaji kumsoma, kwa kuwa ndege huyo walikuwa wakimfuata tangu zamani.

Sasa tujiulize. Asali hiyo yote iliyokuwa ikishuka Mombasa, ni nani aliyeipandia maua? Hakuna. Mtu alikata gogo, akalitoboa, akaliziba huku na huku, akaacha tundu, akalipandisha juu ya mti mkubwa, mbuyu au mkwaju au mwembe, kisha akaenda zake. Wakamba, ambao wengi wao walihamia upande wa Shimba Hills katika miaka ya 1950 na wakaja na ujuzi wao, huuita mzinga huo mwatu, nao walikuwa wakichora juu yake alama ya ukoo ili mwizi asiseme hakujua ni wa nani. Usiku, mwezi ukiwa umejificha, mrinaji alipanda na mwenge wa moshi. Kazi yake ilikuwa ya hatari, lakini shamba la nyuki halikuwa kazi yake. Shamba la nyuki lilikuwa msitu na kichaka, nalo lilikuwa halina mwisho.

Misitu haikubaki hivyo kwa bahati tu. Katika nchi ya Wadigo na Waduruma, kama katika nchi ya Wamijikenda wengine wote, iko misitu iitwayo kaya. Wazee husimulia kwamba mababu walipotoka Singwaya, kaskazini, walijenga maboma yao katikati ya misitu hiyo wapate kujikinga na adui. Katika karne ya 19 watu waliyaacha maboma na kutawanyika mashambani, ila msitu ukabaki chini ya ulinzi wa wazee: mti usikatwe, mifugo isilishwe, moto usiwashwe ovyo.

Mwaka 1846 Ludwig Krapf na Johannes Rebmann wa misheni ya C.M.S. walipoanza kituo chao Rabai, walikaa karibu kabisa na kaya ya Warabai. Walikuja kuhubiri Injili, nao waliiona kaya kuwa mahali pa matambiko, na kwa hilo hatuwalaumu. Sisi nasi hatuendi kaya kutambika. Lakini Mkristo yampasa kusema kweli hata juu ya jambo lisilo la dini yake, na kweli ni hii: sehemu kubwa ya miti ya asili iliyosalia Pwani imesalia kwa sababu wazee walikataza. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliandika misitu kadhaa ya kaya, pamoja na Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa nyuki, msitu wa namna hiyo ni ghala. Miti ya aina nyingi haichanui siku moja. Huu ukimaliza, ule huanza, na chini yake viko vichaka na mimea itambaayo yenye zamu zake. Nyuki anayekaa kando ya kaya hakosi mlo mwaka mzima.

Tunaposoma Biblia twakutana na asali mara nyingi, nayo aghalabu ni asali ya porini. Yonathani aliikuta mwituni. Samsoni aliikuta katika mzoga wa simba. Yohana Mbatizaji aliila jangwani. Kwa miaka mingi wataalamu walisema kwamba asali ya ile nchi ya ahadi labda ilikuwa maji mazito ya tende tu, kwa kuwa Agano la Kale halimtaji mtu afugaye nyuki. Lakini mwaka 2007 wachimbaji wakiongozwa na Profesa Amihai Mazar walifukua mahali paitwapo Tel Rehov, katika bonde la Yordani, wakakuta mizinga ipatayo 30 imepangwa kwa safu, ya karne ya 10 au ya 9 kabla ya Kristo. Ilikuwa mizinga ya namna gani? Ilikuwa mirefu ya mviringo, ya udongo uliochanganywa na majani makavu, imelazwa chini. Upande mmoja tundu dogo la kupitia nyuki, upande wa pili kifuniko cha mrinaji. Mzee yeyote wa Kikoneni angeitambua mara moja.

Liko fungu moja ambalo halisomwi sana makanisani, nalo ni la mwisho katika sura ya 7 ya Isaya. Nabii anaeleza jinsi nchi itakavyoharibiwa: mashamba mazuri ya mizabibu yatageuka kuwa mbigili na miiba, na mtu ataingia humo na upinde kama aendaye kuwinda. Na watu watakaosalia watakula nini? Siagi na asali. Wafasiri wameandika mengi juu ya maneno hayo, lakini mfuga nyuki huyaelewa upesi. Shamba likiachwa, magugu huota. Magugu yakiota, huchanua. Yakichanua, nyuki huongezeka. Hatusemi kwamba miiba ni bora kuliko shamba. Isaya anasema habari za hukumu, si za sikukuu. Twasema tu kwamba nabii alijua asali inakotoka. Na majirani zetu Waislamu, ambao katika Kwale ndio wengi, wana sura nzima katika Kurani yenye jina la Nyuki, kwa hiyo tukizungumza nao juu ya jambo hili hatuanzi pasipo na njia.

Watu wa kanisa pia wamefanya kazi kubwa katika elimu ya nyuki. Mwaka ule ule wa 1609, kasisi wa Kianglikana aitwaye Charles Butler, aliyehudumu kijiji cha Wootton St Lawrence huko Uingereza, alichapisha kitabu cha kufundisha kwamba mkuu wa mzinga ni jike, si mfalme kama wenye elimu walivyodhani tangu siku za Aristotle. Alikuwa mpenda muziki pia, akajaribu kuziandika sauti za nyuki kwa noti. Waswahili wengine husema mama wa nyuki, na sisi twaona jina hilo lafaa kuliko malkia, maana kazi yake ni kuzaa, si kutawala.

Mwingine ni Mchungaji Lorenzo Langstroth wa Marekani. Huyu alisumbuliwa na huzuni nzito ya akili karibu maisha yake yote, hata mara kwa mara akalazimika kuiacha huduma, na nyuki walikuwa faraja yake. Mwaka 1851 aligundua jambo dogo: ukiwaachia nyuki nafasi ya milimita 6 hadi 9 kati ya fremu na ukuta wa sanduku, hawaizibi kwa nta wala kwa gundi yao. Basi fremu zaweza kutolewa na kurudishwa bila kuvunja masega wala kuua nyuki. Mwaka uliofuata alipewa haki ya uvumbuzi wake, lakini wengi waliuiga bila kumlipa. Alifariki Oktoba 1895 huko Dayton, Ohio, akiwa kanisani, ameanza tu kuhubiri. Masanduku mengi yaliyoko Kwale leo ni wajukuu wa sanduku la mchungaji huyo.

Kenya nayo ilitoa mzinga wake. Katika mradi ulioanza mwaka 1971 kwa msaada wa Kanada, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph walifanya kazi na serikali yetu, na kutoka hapo ukaja mzinga ujulikanao ng'ambo kwa jina la nchi yetu. Hauna fremu. Juu yake hupangwa mbao nyembamba zenye upana wa milimita 32, kama dari, na nyuki hujenga masega yakining'inia. Fundi wa kijiji aweza kuutengeneza kwa msumeno na misumari. Kipimo cha 32 kilichaguliwa kwa sababu nyuki wetu ni wadogo kuliko wale wa Ulaya. Hata hapa kwetu hawafanani wote: mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki wa Tanganyika, alimpa nyuki wa Pwani jina lake la kitaalamu, litorea, maana yake wa ufukoni.

Na hapa ndipo penye fundo la mazungumzo yetu. Nyuki wa Ulaya amezoea baridi kali. Hukusanya akiba nyingi, hujifungia ndani na kuvumilia. Nyuki wa Afrika hakulelewa hivyo. Akiona njaa, huhama. Kundi zima huamka, likaacha sega tupu na kwenda kutafuta mahali ambapo mvua imenyesha na maua yamechanua. Hakulogwa, wala hakumchukia mwenye mzinga. Amefanya kama mfugaji afanyavyo malisho yakikauka. Basi tangu Langstroth mpaka mradi wa 1971 binadamu ametengeneza sanduku likawa zuri zaidi na zaidi, na katika muda huo huo, upande wetu wa dunia, amelima na kuchoma jikoni mwa nyuki.

Tazameni historia ya Kwale yenyewe. Miwa ililimwa upande wa Ramisi kwa miaka mingi mpaka kiwanda chake kikafungwa mwaka 1988, na baadaye miwa ikarudi tena upande wa Msambweni. Muwa ni jamii ya nyasi, nao hautoi yale maji matamu ya ua ambayo wataalamu huyaita nekta. Kwa hiyo ekari elfu za sukari ni kama jangwa mbele ya nyuki. Hatusemi muwa usilimwe, watu wana kazi humo. Mahindi nayo huzalishwa na upepo. Chavua yake nyuki huichukua, ila asali haipatikani huko. Mkorosho na mwembe ni marafiki wakubwa wa nyuki, lakini karamu yao ni ya majuma machache, na nyuki hula kila siku. Kisha yakaja makaa, ambayo hayachagui mti wenye ua na usio na ua.

Kisha madini. Mchanga wa titani ulichimbwa Nguluku na Maumba, na kazi hiyo ikakoma Desemba 2024. Ardhi iliyochimbwa hurudishiwa udongo na mimea, lakini kurudisha udongo ni jambo moja na kurudisha maua ya kila mwezi ni jambo jingine. Mlima Mrima wenyewe, ambao una msitu wa asili na madini adimu chini yake, uliponea chupuchupu: mwaka 2013 serikali iliifuta leseni ya kampuni iliyotaka kuuchimba, na kesi ikaenda mpaka ng'ambo. Mabishano juu ya mlima huo yamekuwa juu ya fedha na matambiko. Sisi hatujasikia mtu akiwataja nyuki.

Wako watakaosema: mimi sifugi nyuki, naogopa kuumwa, hayo yanihusu nini? Mama aliyepanda maboga, matango au matikiti ajiulize kwa nini vitunda vidogo hugeuka manjano na kuanguka. Ua la kiume na ua la kike la boga ni mbali mbali, na lazima mdudu apeleke chavua, yaani ule unga wa manjano, kutoka hili mpaka lile. Mdudu asipopita, tunda halikui. Kadhalika mkorosho bila wadudu huzaa kidogo sana.

Mtoto mmoja wa visiwa vya bahari yetu ya Hindi anatufundisha jambo hili kuliko vitabu. Mmea wa vanila asili yake ni Mexico. Ulipoletwa katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, ulistawi na kuchanua lakini haukuzaa, maana wadudu wa kwao hawakuja pamoja nao. Miaka ikapita wenye mashamba wasijue la kufanya. Mwaka 1841 mtumwa mwenye umri wa miaka 12, jina lake Edmond, aliweza kulizalisha ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ilitajirisha mashamba ya visiwa vile, nayo hutumiwa mpaka leo popote vanila ilimwapo, Zanzibar na Uganda pia: ua moja moja, kwa mkono, asubuhi ambayo limefunguka. Yeye mwenyewe aliachwa huru mwaka 1848 pamoja na watumwa wote wa Ufaransa, akapewa jina la Albius, na akafa maskini mwaka 1880. Hiyo ndiyo kazi ya nyuki ikifanywa na mtu.

Linganisheni na bixa, ambayo wengine huita mrangi, zao lilimwalo Kwale kuliko mahali pengine popote Kenya, na ambalo mbegu zake nyekundu hutia rangi katika siagi na jibini. Nayo ilitoka Amerika. Ua lake haliachilii chavua kwa urahisi. Imefungwa ndani ya vijifuko vyenye vitundu vidogo, na lazima mdudu alishike ua na kulitikisa kwa mtetemo wa mwili wake mpaka unga umwagike. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Anayejua ni yule nyuki mkubwa mweusi mwenye mvumo mzito, atobaye boriti za nyumba na magogo makavu. Wengi wetu humwua kwa kandambili tukimwona darini. Vanila ilifika Réunion isimpate mhudumu. Bixa ilifika Kwale ikamkuta mhudumu tayari, bila mshahara, anaomba gogo kavu tu la kulala. Wako pia vijinyuki vidogo visivyouma, vikaavyo katika mianya ya miti na kuta, ambao asali yao wazee huithamini kwa dawa, na wako nyuki wakaao peke yao ardhini. Hao wote hawana mzinga wa kununuliwa. Wanachohitaji ni maua na mahali pa kukaa.

Hata ndovu wa Shimba Hills wanaingia katika habari hii. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walitangaza kwamba ndovu hukimbia wakisikia sauti ya nyuki waliochokozwa, na baadaye wakulima wa Sagalla, karibu na Tsavo, walizungushia mashamba yao ua wa mizinga. Kiswahili kwa hekima yake kimeita boma na chanuo kwa jina moja, ua. La kwanza halidumu pasipo la pili, maana nyuki wakihama kwa njaa, boma hilo ni masanduku tu.

Basi tufanye nini? Tutasema machache tu, maana mkulima hujua shamba lake kuliko mhubiri. Kabla ya kununua mzinga, kaa na wazee na karatasi, muandike miezi 12, na kando ya kila mwezi mimea ichanuayo katika mwendo wa kilomita 2 au 3 kutoka hapo, kwa kuwa huko kote nyuki hufika. Mwezi utakaobaki mtupu ndio mwezi watakaohama. Huo ndio wa kupandia. Mzambarau, mkwaju, mkone, mwarobaini, kila mmoja una zamu yake. Kivumbasi huota hata penye udongo mbaya, huchanua muda mrefu, na majani yake yafukuza mbu; kwa nini twaking'oa? Mpakani mwa shamba acha ukanda usiolimwa wala kuchomwa, hata kama ni wa hatua mbili tu. Kishona nguo kitakuudhi kikikamata suruali, lakini nyuki hawana ugomvi nacho. Penye dawa ya kunyunyizia, nyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamerudi, wala si wakati ua liko wazi. Gogo kavu moja la nyuki weusi liache karibu na bixa.

Viwanja vya makanisa yetu navyo vitazamwe. Twapenda usafi, na kila Jumamosi vijana hufyeka na kufagia mpaka ardhi inang'aa kama sakafu. Mbele ya mlango na penye njia, vema. Lakini nyuma ya kanisa, kando ya makaburi, na mipakani, kuna ulazima gani? Wazee wa kanisa wakiamua kwamba pembe moja isifyekwe mpaka maua yake yamalizike, hawatatumia hata shilingi moja. Watoto wa shule ya Jumapili waweza kupewa kazi ya kuhesabu ni wadudu wa aina ngapi huja hapo.

Na wale wenye mizinga mitupu wasiivunje kuni. Isafisheni, mtoe mchwa na buibui, mpake nta iliyoyeyushwa chini ya mbao za juu, maana harufu yake ndiyo iwavutayo wapelelezi wa nyuki. Itundikeni kivulini, karibu na maji, mbali na njia ya watoto na mbuzi. Makundi huwa yakitafuta makao mvua zikipungua na maua kuchanua kwa wingi. Kwa hiyo mzinga uwe tayari kabla ya masika kwisha, na kile kichaka kilicho karibu nao kisifyekwe.